Kimo na Mzigo: Historia ya Kuinua Gari kwa Springi za Ekseli

Gari la ekseli nzima, yaani gari ambalo gurudumu la kulia na la kushoto hushikwa na mhimili mmoja wa chuma, huubeba uzito wa bodi na fremu yake juu ya springi zilizofungwa kwenye mhimili huo, na ndiyo maana anayetaka kulipandisha kwa kawaida huanzia ekselini. Kazi ya kufungua springi za kiwandani na kufunga nyingine zilizopinda zaidi huhesabiwa leo kuwa kazi ya kutafuta kimo, ilhali historia yake yaonyesha kwamba ilizaliwa na haja ya kubeba mzigo, na kwamba mafundi walioisahau asili hiyo walilipandisha gari huku wakiliharibu.

Msingi wa elimu hiyo uliwekwa kabla ya kuwapo injini. Mwaka 1678 mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke alichapisha kanuni isemayo kuwa springi hunyumbuka kwa kadiri ya nguvu inayoielemea, na mwanzoni mwa karne ya 19 Obadiah Elliott, mtengenezaji wa magari ya farasi wa London, alijipatia hataza ya kuunganisha ekseli na bodi kwa springi za mabamba, yaani tabaka za feleji zilizopangwa kuanzia refu hadi fupi, hata boriti nzito ya mbao iliyokuwa ikipita chini ya gari ikaondolewa.

Mpangilio huo ulirithiwa na magari ya porini ya karne ya 20. Jeep ya jeshi la Marekani ya mwaka 1941, Land Rover iliyozinduliwa Amsterdam mwaka 1948, na Land Cruiser za Toyota zilizofuata, zote zilikalia springi za mabamba mbele na nyuma. Katika Afrika Mashariki magari ya aina hiyo yalitumiwa na serikali, wakulima, wamisionari na wasafirishaji wa watalii, na mara nyingi yalipakiwa maji, mahema, mafuta na abiria kupita yalivyokusudiwa, katika barabara ambazo mvua za masika huzichimba makorongo. Springi zilinyooka zikachoka, gari likainama nyuma, na fundi akajibu kwa kuongeza bamba.

Bamba hilo mara nyingi lilitoka kwenye lundo la vyuma chakavu. Gari liliinuka, lakini ukakamavu wa bamba hukua kwa mchemraba wa unene wake, kiasi kwamba bamba lenye unene maradufu huwa gumu mara nane, kwa hiyo gari lililopewa bamba la lori lilirukaruka lilipokuwa tupu na kupitisha kila pigo la barabara hadi kwenye fremu.

Jibu bora lilitoka katika nchi yenye masafa na vumbi la namna hiyo hiyo. Nchini Australia, ambako kampuni ya vifaa vya magari ya porini, ARB, ilianzishwa mwaka 1975, springi za kuinulia gari zilitengenezwa zikiwa seti kamili pamoja na shokomzoba, yaani kifaa kinachotuliza mtikisiko wa springi, na mnunuzi akachaguliwa seti kulingana na kilo ambazo gari lake hubeba siku zote.

Hata seti hiyo huhitaji mkono unaojua. Fremu huinuliwa kwa jeki na kuwekwa juu ya stendi, ekseli ikategemezwa, kisha kichwa cha bolti ya katikati, inayoyashika mabamba pamoja, hulengwa kwenye tundu la kiti cha springi, kwa maana kosa dogo hapo huipeleka ekseli upande. Bolti zenye umbo la herufi U hubadilishwa kwa mpya kwa kuwa za zamani zimekwisha kuvutika, na bolti za bushi, yaani vikombe vya mpira vya ncha za springi, hukazwa mwisho gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake, kwani bushi iliyokazwa springi ikining'inia hubaki imesokotwa na kupasuka mapema. Kazi ikiisha, difu, lile bonge la gia lililo katikati ya ekseli, huwa halijapanda hata sentimita moja, kwa sababu hupandishwa na tairi kubwa peke yake; kilichopanda ni fremu, na pamoja nayo pembe ya propela, yaani mhimili unaopeleka nguvu ya injini kwenye difu, na mvutano wa mipira ya breki.

Springi za koili, zilizosokotwa kama parafujo, ziliingia katika Range Rover mwaka 1970, katika Land Rover ya 110 mwaka 1983, na mbele ya Land Cruiser za kazi nzito za mfululizo wa 70 mwaka 1999. Kwa kuwa koili haiwezi kuishika ekseli mahali pake, kazi hiyo ilihamia kwenye mikono ya chuma, na kimo kinapozidi mikono hiyo huizungusha ekseli hata usukani ukapoteza utulivu. Umbo la springi limebadilika, ila swali la kwanza la fundi makini limebaki lile lile lililoianzisha kazi: gari hili hubeba kilo ngapi?