Sindano ya Goti Ina Nini Ndani?

Huku kwetu Kyela mtu akikwambia amechomwa sindano ya goti, amekutajia mahali ilipoingia. Kilichokuwamo kwenye bomba hajakitaja, na mara nyingi hakijui. Goti hilohilo huchomwa kuvuta maji yaliyojaa, kutia ganzi au kutia steroidi, na zote mtaani ni sindano ya goti. Wengine husema sindano ya maumivu, na hapo mambo huzidi kuchanganyika, kwa sababu diklofenaki inayochomwa makalioni nayo huitwa hivyohivyo. Diklofenaki ina madhara yake, hasa kwa tumbo na figo, lakini haipandishi sukari. Steroidi huipandisha, na mwenye kisukari anahitaji kujua kabla hajaondoka kitandani.

Kundi hili la dawa kitaalamu huitwa glukokotikoidi. Jina refu, lakini halikufichi kitu. Gluko ni sukari. Koti imetoka kwenye neno la Kilatini lenye maana ya gome, yaani tabaka la nje la tezi mbili zinazokaa juu ya figo. Mwili hutengeneza ya kwake humo, kotisoli, na kazi yake mojawapo ni kuhakikisha sukari haikauki kwenye damu wakati wa njaa au ugonjwa. Kwa hiyo waliolibuni jina waliitanguliza sukari mbele kabisa, nasi tulipoipokea dawa tukaiita kwa goti.

Mwaka 1948 Philip Hench na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, walianza kuwachoma wagonjwa wa baridi yabisi kotisoni, dawa ya kundi hili, na watu waliokuwa hawainuki wakatembea. Kazi hiyo ilichangia tuzo ya Nobel ya mwaka 1950. Mwaka 1951 Joseph Hollander wa Philadelphia alitoa taarifa ya kuchoma haidrokotisoni ndani ya kiungo chenyewe, ili dawa ifanye kazi palepale bila kuusumbua mwili mzima. Nia ilikuwa njema, ila goti si chupa iliyozibwa. Utando wake wa ndani umejaa mishipa ya damu, na dawa huvuja humo taratibu. Ikishafika kwenye damu, hulichochea ini limwage sukari na kuifanya misuli isiitikie insulini. Kongosho zima huongeza insulini, mtu asihisi lolote. Kwa mwenye kisukari, sukari huanza kupanda baada ya saa chache, hufika kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kisha hushuka ndani ya wiki moja hivi. Wapo wanaochelewa zaidi.

Sasa tazama njia ya huku kwetu. Aliyechomwa Mbeya asubuhi, jioni ameshateremka Tukuyu yuko nyumbani. Siku mbili baadaye anakwenda kliniki ya kisukari, namba imeruka.

“Shikamoo mama. Jana ulikula nini?”

“Marahaba. Wali, mwanangu.”

Huku bondeni ungetarajia ale nini kingine? Lawama yote inauangukia mchele wa Kyela, na mama anarudi nyumbani na onyo la chakula. Goti halikuulizwa, naye hakuona sababu ya kulitaja. Goti na sukari zina kadi tofauti.

Kinyume chake pia hutokea. Sukari ya steroidi hupanda zaidi baada ya kula, hasa mchana na jioni. Anayepima alfajiri tu kabla ya chai anaweza kuona namba ya kuridhisha, ilhali saa mbili baada ya sahani ya wali wa jioni imevuka 15 mmol/L. Kwa hiyo wiki hiyo apime na baada ya mlo, na vidonge au insulini asiviache wala asijiongezee kwa kukisia. Dozi hupangwa na kliniki. Kiu isiyokatika na kukojoa mara kwa mara si mambo ya kusubiri wiki iishe.

Kuna jambo ambalo husahaulika: kisukari chenyewe humsogeza mtu kwenye sindano hii. Bega kukakamaa hadi mkono usifike kisogoni, au kidole kujikunja na kunasa kisikunjuke, huwapata zaidi wenye kisukari, na yote mawili hutibiwa kwa steroidi. Kwa mwanamke wa Kikisi anayefinyanga vyungu Ikombe ili viende kwa mtumbwi hadi soko la Lyulilo, kidole kilichonasa ni kazi iliyosimama. Sitamwambia akatae sindano. Sukari ikiwa imetulia, nafuu yake yafaa kuliko hiyo wiki moja ya kupimapima.

Tuiteje basi? “Sindano ya kiungo” haitoshi. Kiungo ni goti, ni mkono mzima, na jikoni ni binzari. Glukokotikoidi ibaki vitabuni, haitatamkika dirishani pa dawa. Mimi nachagua “sindano ya steroidi ya goti”, au ya bega, au ya kidole, ingawa vijana wa mazoezi watadhani tunazungumzia dawa za kutunisha misuli, ambazo ni ukoo mwingine wa steroidi. Neno hilo liingie pia kwenye daftari la kliniki ya kisukari, kwa mkono wa aliyechoma: steroidi, triamsinoloni miligramu 40, goti la kulia, na tarehe.