Ruhusa ya Ghorofa Moja



Kitabu chetu hiki cha kila mwaka hujaa habari za arusi, za watoto waliozaliwa na za waliotutangulia mbele ya haki. Mimi mwaka huu nimeona niandike habari ya nyumba, kwani nyumba zetu za Unguja nazo ni jamaa, na zinapokufa hakuna anayezikalia matanga.

Mwaka 2009 nilikwenda Unguja, nikaingia katika nyumba aliyokuwa akikaa bibi yangu mzaa mama, mtaa wa Kiponda. Utotoni, nikirudi chuoni asubuhi, nilikuwa nikilikuta jua limeshuka ndani ya uwa mpaka kwenye mdomo wa kisima. Safari hii nilikuta kiza saa tano ya asubuhi, na taa inawaka. Jirani alikuwa amepandisha ghorofa mbili za saruji juu ya kuta kongwe za mawe na chokaa. Nikaenda kuuliza katika ofisi inayohusika, ambayo sitaitaja. Nikaonyeshwa jalada: maombi yamo, ada imelipwa, muhuri upo. Lakini mchoro uliopigwa muhuri ulikuwa wa ghorofa moja. Nikauliza, "Nani alikwenda kutazama baada ya ruhusa kutoka?" Karani alinitazama kwa huruma, akafunga jalada.

Swali lile nimerudi nalo Muscat, nikalisomea. Nimeona kuwa si swali jipya. Sisi tuliopita madrasa tulisikia habari za muhtasib, mtu aliyewekwa na mtawala kutazama mizani ya sokoni na njia za watu. Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, ameeleza katika Al-Ahkam as-Sultaniyya kuwa muhtasib humzuia anayejenga katika njia ya umma hata ikiwa njia yenyewe ni pana, na humlazimisha kukibomoa alichokijenga, hata kikiwa msikiti. Tazameni jambo hilo: mtu huyo hakai ofisini kungoja maombi. Anatembea kwa miguu, na analipima jengo lenyewe, si karatasi yake.

Mji wa Unguja haukupata kukosa ramani. Mwaka 1923 Lanchester, mtaalamu wa Kiingereza, alitoa mpango wake wa mji. Mwaka 1955 ikapitishwa dikrii ya mipango ya miji na mashamba, na mwaka 1958 ukaja mpango wa Kendall. Baada ya mapinduzi, mwaka 1968, wakaja wataalamu wa Ujerumani Mashariki, na mfano wa fikra za wakati ule ni majumba marefu ya Michenzani. Mwaka 1982 Wachina nao wakatengeneza mpango mkuu. Mipango minne kwa miaka sitini, na kila mmoja ulichorwa na mgeni aliyekwenda zake kabla ya kuona nini kimejengwa.

Juu ya hayo, baada ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe ziliingia mikononi mwa Serikali. Wengi wetu tunaosoma ukurasa huu tunazijua nyumba hizo kwa majina ya waliokuwa wakikaa. Sitaki kutonesha kidonda; nataka kueleza kazi ilivyokuwa. Serikali ilikuwa mwenye nyumba, ndiyo iliyotoa ruhusa, na ndiyo iliyotakiwa kukagua. Mtu hawezi kujitolea ushahidi mwenyewe. Boriti zikaoza, dari zikaanguka, wala hapakuwa na wa kumwandikia barua ya onyo.

Mwaka 1985 iliundwa Mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe. Mwaka 1994 ikapata sheria yake, na mwaka huo huo ukakamilika mpango wa uhifadhi uliotengenezwa pamoja na wataalamu wa Taasisi ya Aga Khan. Mpango huu ulikuwa bora kuliko yote iliyotangulia, maana uliingia nyumba kwa nyumba na kueleza nini kinaruhusiwa kila pahala. Mwaka 2000 UNESCO ikauingiza Mji Mkongwe katika Urithi wa Dunia, na mwaka 2010 ikaja sheria mpya ya Mamlaka. Lakini wakati huo biashara ya watalii ilikuwa imeshapamba moto, na kila ukuta unaotazama bahari ulikuwa na mnunuzi.

Jaribio kubwa lilikuwa Mambo Msiige, nyumba ya Shangani iliyojengwa na Mwarabu tajiri katika karne ya 19, ambayo baadaye ilikuwa ofisi ya balozi wa Waingereza. Serikali iliikodisha ili iwe hoteli, na kando yake, penye uwanja wa wazi, likapandishwa jengo jipya. Wananchi walinung'unika. Kamati ya Urithi wa Dunia iliingiwa na wasiwasi juu ya ukubwa na urefu wa jengo hilo, wajumbe wakatumwa, mchoro ukatakiwa urekebishwe. Hoteli ilifunguliwa mwaka 2015, na Kamati ikabaki kuandika masikitiko yake. Sisemi kuwa palikuwa na rushwa. Hilo ni la mahakama. Nasema kuwa mtu wa kupima ukuta ule alitoka ng'ambo ya bahari, akafika ukuta umeshasimama.

Zanzibar haikosi vyombo vya kuchunguza. Kuna Baraza la Wawakilishi tangu 1980, kuna Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, na sheria ya mwaka 2012 ilileta Mamlaka ya kuzuia rushwa na uhujumu wa uchumi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini ghorofa ya pili haimo katika daftari lolote. Ada iliyolipwa ni ya ghorofa moja, stakabadhi ni sahihi, na mkaguzi wa hesabu akipita atakuta kila senti pahala pake. Kwa hiyo ukaguzi wa mipango ya mji lazima utoke mezani, upande ngazi, ufike darini.

Msidhani kuwa sisi tulioko Muscat hayatuhusu. Mnaikumbuka Gonu, Juni 2007, ilipoua watu wapatao 50 katika Oman na maji yakajaa Qurum na Wadi Adai. Wadi haisahau njia yake, hata kama viwanja vimepimwa na hati zimetolewa. Mwaka 2011 taasisi ya ukaguzi ya dola iliongezewa mamlaka, isikague fedha tu bali na utendaji wa idara, na Desemba 2012 tulipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua mabaraza ya manispaa. Ni hatua njema, lakini baraza halioni asichokisema mkaazi.

Sasa nimalizie habari ya Kiponda. Siku ile nilimuuliza jirani wa upande wa pili nyumba ile ni ya nani. Akacheka. "Ya mtu wenu wa Muscat, Mwalimu." Kweli, ninamjua, tunasali msikiti mmoja. Nilipomkabili, baada ya sala ya Ijumaa, alinijibu kwa adabu: "Ruhusa ninayo, Mwalimu." Nikamwambia, "Ruhusa ni ya ghorofa moja." Akainamisha kichwa, akaniuliza watoto hawajambo.

Basi jamaa zangu, tunapolaumu serikali, na tuhesabu pia riyali zetu zinazovuka bahari na kuwa saruji. Mwenye nyumba kule aweke nakala ya hati na ya mchoro uliopigwa muhuri. Akiona jirani anapandisha, aandike barua kabla saruji haijakauka, na adai apewe jibu kwa maandishi. Na yeye mwenyewe, akipewa ghorofa moja, ajenge moja.

Kiponda taa bado inawashwa mchana.