Ufugaji mdogo wa nyuki kwa biashara (Tabora)

Ufugaji mdogo wa nyuki ni utunzaji wa makundi machache ya nyuki kwa ajili ya kuuza asali na nta. Nchini Tanzania unastawi zaidi katika misitu ya miombo ya magharibi, hasa mkoani Tabora, ambako Wanyamwezi wametundika mizinga ya magome na magogo tangu kale. Mjini Tabora ndipo kilipo Chuo cha Ufugaji Nyuki, na shughuli hii inasimamiwa na Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002.

Anayeanza hana haja ya kununua nyuki. Nyuki wa ukanda huu, Apis mellifera scutellata, huhamahama kufuata maua na hujitafutia makazi, kwa hiyo mtaji wa kwanza ni mahali. Manzuki nzuri, yaani mahali pa kutundikia mizinga, iko mita mia kadhaa kutoka kwenye nyumba, njia na mazizi. Ina kivuli, maji yasiyokauka kiangazi na miti yenye mbochi nyingi kama mtundu na muba. Kuiweka kando ya shamba la pamba linalopuliziwa dawa ni kuwaua nyuki kwa makusudi.

Mzinga unaomfaa mgeni wa kazi ni ule wa viunzi: sanduku refu la mbao lililofunikwa kwa mbao nyembamba zilizopangwa kwa kugusana, ambazo nyuki huning'iniza masega chini yake. Kila kiunzi kiwe na upana wa milimita 32. Kipimo hiki hakina mjadala, kwa kuwa ndiyo nafasi ambayo nyuki wa Afrika huacha kutoka katikati ya sega moja hadi katikati ya linalofuata. Seremala akichonga viunzi vipana zaidi kwa kufuata vipimo vya nyuki wa Ulaya, sega moja hujengwa kukatiza viunzi viwili, na siku ya kufungua mzinga kila kitu hukatika na kumwagika. Mizinga mitatu iliyopimwa sawasawa ni bora kuliko hamsini ya mkopo inayongoja nyuki wasioingia.

Mfugaji hupaka nta iliyoyeyushwa katikati ya upande wa chini wa kila kiunzi ili iwavute nyuki na kuwaonyesha mstari wa kujengea. Kisha huuning'iniza mzinga kwa waya, usawa wa kiuno, na kuupaka waya grisi dhidi ya siafu. Mzinga unaobembea humpa shida pia nyegere. Kundi likiingia, liachwe litulie kwa wiki kadhaa. Nyuki hawa hawakawii kuhama wakisumbuliwa, wakipata joto kali au wakinyang'anywa chakula chote.

Kazi ya mzingani hufanywa jioni, kwa ovaroli, wavu wa uso, glavu, mabuti na bomba la moshi. Nyuki akiuma huacha harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, nayo huwaita wenzake mahali palepale. Mwiba ukwanguliwe mara moja kwa ukucha na pafukizwe moshi. Mtu ambaye amewahi kuvimba mwili mzima au kubanwa pumzi baada ya kuumwa asifanye kazi hii.

Mavuno makubwa ya Tabora huanza mwezi Mei na kuendelea hadi Julai. Huvunwa masega ambayo angalau theluthi mbili ya vyumba vyake vimezibwa kwa nta, maana asali yenye maji zaidi ya asilimia 20 huchacha. Masega yenye majana (watoto wa nyuki) hayaguswi, na sehemu ya asali huachwa iwe akiba ya nyuki. Asali huchujwa kwa kitambaa safi bila kuchemshwa, ikahifadhiwa katika ndoo za chakula. Ndoo iliyowahi kuwa na rangi au dawa haifai hata ikioshwa mara ngapi.

Nta nayo ni mali. Ilikuwa bidhaa ya kuuzwa nje tangu enzi za Wajerumani na Waingereza, lakini hadi leo wapo wanaokamua asali na kutupa makapi. Makapi hayo yakichemshwa na maji na kuchujwa hutoa nta ya mishumaa, mafuta ya ngozi na ya kupaka viunzi vya mizinga mipya.

Asali ya mwanzo huuzwa kwa majirani. Anayetaka kuifikisha madukani atafute alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na anayetaka kutundika mizinga ndani ya hifadhi ya msitu apate kwanza kibali cha mamlaka ya misitu.