GPS ya zamani na mpya

Juzi fildi tuligawiwa GPS za mkononi, mimi nikaangukia ya zamani. Nilichekwa weee! Ila historia inanitetea. Magellan NAV 1000 ilikuja 1989, ya kwanza ya mkononi kuuzwa kwa raia. Miaka ya 1990 jeshi la Marekani likawa linavuruga makusudi mawimbi ya raia, kosa linafika mita 100. Mei 2, 2000, kwa amri ya Rais Clinton, uvurugaji ukazimwa. Vifaa vilevile vikaanza kukosea mita 20 hivi, bila mtu kununua kipya!

Kwenye uwazi changu na kipya vilikaribiana. Chini ya miembe ndo nikaachwa, maana kipya kinapokea hadi satelaiti za Urusi na Ulaya.

Walimu wenzangu watarajiwa, kabla hujamcheka anayekosea, uliza anavurugwa na nini.