Kitovu cha Liyongo na Maji ya Ngarambe

Wasimulizi wa kale walipenda kumpa shujaa mwili usiopenywa na silaha, kisha wakambakizia mahali padogo pa kufia. Wayunani walisimulia kuwa Thetis alimchovya mwanawe Achilles katika mto Styx huku amemshika kisigino, nacho kikakosa kinga. (Homer mwenyewe hakitaji kisigino hicho, waliomfuata ndio waliokiongeza, kama ilivyo ada ya wasimulizi wa kila taifa.) Fumo Liyongo wetu hakudhurika ila kwa sindano ya shaba ya kitovuni. Habari zake Edward Steere alizichapisha mjini London mwaka 1870, na mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu akazitungia utenzi.

Kufanana huko kusitupumbaze. Kisigino cha Achilles ni ajali tu. Siri ya Liyongo ilitoka kinywani mwake mwenyewe, akimwambia mwanawe, ambaye mfalme wa Pate alikuwa amemwahidi mke na cheo. Baba anatambua kuwa kijana ametumwa, hata hivyo anasema. Kisha, akiwa amekwisha kuchomwa, anajikokota hadi kisimani, anapiga goti, anatia mshale katika upinde, na katika hali hiyo anakufa. Watu wa mji hawathubutu kuteka maji, maana wanamdhania yu hai. Mama yake anakwenda kumbembeleza kwa maneno ya upole, asijue kwamba anasema na maiti. Kwa maoni yetu, hakuna mahali katika fasihi ya pwani panapoonyesha waziwazi zaidi jinsi hofu ya watawala inavyodumu hata baada ya aliyewatia hofu kufa.

Sasa tutazame hadithi ya zama zetu. Mwaka 1905, huko Ngarambe, Kinjeketile Ngwale aliwagawia watu maji ya kuwakinga na risasi za Wajerumani. Alinyongwa Mohoro mwaka uo huo, na vita vikaendelea hadi 1907. Ebrahim Hussein alipoandika tamthilia yake *Kinjeketile*, iliyotoka mwaka 1969, alitahadharisha kuwa mhusika wake ni zao la ubunifu, wala si yule wa historia.

Hapo ndipo mtunzi wa leo anapoachana na wale wa kale. Kinjeketile wa jukwaani hana kisigino wala kitovu. Udhaifu wake umo katika fikira. Yeye ndiye wa kwanza kuyatilia shaka maji aliyoyaleta, wakati makabila yaliyokuwa yakichukiana yamekwisha kuungana kwa ajili yake. Wako wanaodai kwamba shaka hiyo imekiua kisakale. Sisi hatukubaliani nao. Liyongo aliifichua siri yake kwa mtu mmoja, akafa. Kinjeketile anatakiwa na waliomfunga atamke mbele ya watu wote kwamba maji yalikuwa uongo, na kukanusha kwake kungefika hadi kwa wajukuu wa wapiganaji. Anapigwa, wala hatamki.