Sarafu za mtandaoni: Mahakama inavyomfungia njia mdai msumbufu

WAHENGA walisema hakuna marefu yasiyo na ncha. Msemo huo una nafasi yake mahakamani, ambako sheria inataka kila shauri lifike mwisho, hata kama aliyeshindwa hakuridhika moyoni.

Tatizo huanza pale aliyeshindwa anapoukataa mwisho huo. Hukata rufani ikagonga mwamba, kisha akafungua kesi nyingine yenye madai yaleyale kwa jina jipya. Ikitupwa hiyo, hubadilisha mahakama. Mtu wa namna hiyo ndiye wanasheria wanayemwita mdai msumbufu.

Katika biashara ya sarafu za mtandaoni, kama Bitcoin, tatizo hilo limepata sura mpya. Mmiliki wa sarafu hizo hatambuliwi kwa hati ya benki wala cheti cha msajili, bali kwa namba za siri. Bei yake hupanda na kushuka kwa saa chache, na wahusika huweza kuwa katika nchi tofauti. Kwa sababu hiyo, mgogoro mmoja unaweza kuvishwa nguo nyingi: leo deni, kesho utapeli, keshokutwa hakimiliki.

Kesi yenye funzo kubwa kuhusu jambo hili iliamuliwa London. Hata hivyo, kanuni zilizoiongoza hazimhusu Mwingereza peke yake. Zinamgusa pia mkazi wa Musoma, Bunda au Butiama anayenunua na kuuza sarafu hizo kwa simu ya mkononi.

NANI NI MDAI MSUMBUFU?

Kwanza msomaji aelewe kwamba kushindwa kesi si kosa. Mtu anaweza kuwa na madai dhaifu lakini akayaleta kwa nia njema, akasikilizwa na kukataliwa.

Mfano ni James Howells wa Wales, ambaye diski ya kompyuta yake iliyobeba funguo za sarafu zipatazo 8,000 za Bitcoin ilitupwa jalalani mwaka 2013. Aliishitaki halmashauri ya mji wa Newport akitaka aruhusiwe kulichimba jalala hilo. Januari 2025 Mahakama Kuu iliitupa kesi hiyo kwa kuwa haikuwa na matumaini ya kufaulu. Kushindwa huko peke yake hakukumfanya kuwa mdai msumbufu.

Mdai msumbufu hutambulika kwa mambo mawili yanayokwenda pamoja. La kwanza ni kurudia: anafungua mashauri au maombi mengi juu ya jambo lilelile. La pili ni kukosa msingi: madai yake hayana mguu wa kusimamia katika sheria, na matokeo yake ni kumtesa mshitakiwa kwa gharama na usumbufu usiolingana na faida yoyote ambayo mdai angeweza kuipata kihalali.

KESI YA CRAIG WRIGHT

Craig Wright ni mtaalamu wa kompyuta kutoka Australia. Mwaka 2016 alijitangaza hadharani kuwa yeye ndiye Satoshi Nakamoto, jina la bandia la mtu au kikundi kilichotoa andiko la kuanzisha Bitcoin mwezi Oktoba 2008.

Kwa kutumia dai hilo, aliwafikisha mahakamani watu waliompinga na wataalamu wanaoitunza programu ya Bitcoin. Kesi zilifunguliwa Uingereza na kufika hadi Norway. Mwaka 2022 mahakama ya London ilimpa fidia ya pauni moja tu katika shauri la kashfa, baada ya jaji kuona kwamba alileta ushahidi wa uongo.

Muungano wa makampuni unaojulikana kama COPA uliamua kuomba mahakama itamke mara moja kama mtu huyu ni Satoshi au siye. Shauri lilianza kusikilizwa Februari 2024 mbele ya Jaji James Mellor wa Mahakama Kuu ya Uingereza na Wales. Machi 14, 2024 jaji alitamka kwamba Wright si Satoshi Nakamoto na hakuliandika andiko lile. Katika hukumu kamili ya Mei mwaka huo, alieleza kwamba Wright alidanganya mara nyingi na kughushi nyaraka kwa kiwango kikubwa.

Julai 2024 jaji alimpiga marufuku kufungua au kutishia kufungua kesi zinazotegemea dai lake la kuwa Satoshi. Hata hivyo, Oktoba mwaka huohuo Wright alifungua shauri jipya akidai zaidi ya pauni bilioni 900.

Novemba 2024 Mahakama ya Rufani ilimnyima kibali cha kukata rufani dhidi ya hukumu ya awali. Desemba 19, 2024 Jaji Mellor alimkuta na hatia ya kudharau mahakama. Alimpa kifungo cha miezi 12 kilichosimamishwa kwa miaka miwili, kwa maana kwamba angeanza kukitumikia endapo angeivunja tena amri. Mwaka 2025 jaji huyohuyo alitoa dhidi yake amri ya zuio la jumla la kufungua mashauri ya madai.

NGAZI ZA ZUIO

Uingereza ilitunga sheria yake ya kwanza ya kuwadhibiti wadai wasumbufu mwaka 1896. Siku hizi kanuni za mashauri ya madai za nchi hiyo zina ngazi tatu za zuio.

Ngazi ya kwanza humzuia mtu kuleta maombi zaidi ndani ya kesi moja bila kibali. Ya pili humzuia kufungua kesi zinazohusiana na mgogoro uleule. Ya tatu, ambayo ndiyo ya jumla, humzuia kufungua kesi yoyote katika mahakama zilizotajwa. Zuio hili la tatu hutolewa kwa kipindi kisichozidi miaka mitatu, ingawa laweza kuongezwa.

Juu ya ngazi hizo kuna amri nyingine inayoombwa na Mwanasheria Mkuu chini ya sheria ya mwaka 1981, ambayo inaweza kudumu bila ukomo.

Jambo la kuzingatia ni kwamba hakuna ngazi kati ya hizo inayoufunga mlango wa mahakama moja kwa moja. Mlangoni huwekwa bawabu tu. Mwenye zuio anaruhusiwa kumwomba jaji aliyetajwa kibali, na akionyesha kwamba ana dai la kweli, atapewa. Akifungua kesi bila kibali, kesi hiyo hufa yenyewe, na mshitakiwa halazimiki kuijibu.

HAPA AFRIKA MASHARIKI

Kenya inayo sheria mahsusi ya mashauri ya usumbufu, Sura ya 41. Kwa mujibu wa sheria hiyo, Mwanasheria Mkuu anaweza kuiomba Mahakama Kuu imtangaze mtu kuwa amezoea kufungua mashauri ya usumbufu bila sababu ya msingi. Akitangazwa, hawezi kufungua shauri bila ruhusa ya mahakama, na amri hiyo huchapishwa katika Gazeti la Serikali.

Nchini Uganda, Aprili 2023, Mahakama Kuu ilikataa maombi ya kupinga waraka wa Benki Kuu uliowazuia watoa huduma za malipo kushughulika na sarafu hizi. Shauri hilo halikuwa la usumbufu. Mwombaji alipeleka hoja ya kisheria, ikasikilizwa na ikaamuliwa, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa.

TANZANIA: KINGA ZILIZOPO

Kwa upande wa Tanzania, Novemba 2019 Benki Kuu ilitoa tangazo la kuwatahadharisha wananchi kwamba sarafu za mtandaoni si fedha halali nchini. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka benki hiyo ijiandae kwa mabadiliko hayo ya teknolojia. Mwaka 2024 Sheria ya Fedha ilileta kodi ya zuio ya asilimia tatu katika malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali.

Migogoro inapozuka, mahakama huwadhibiti wasumbufu hasa kwa kutumia Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33. Vifungu vinavyotajwa hapa ni vya toleo la mwaka 2019.

Kifungu cha 8 kinakataza mahakama kuendelea na shauri ambalo suala lake tayari linasubiri uamuzi katika mahakama nyingine yenye uwezo, baina ya watu walewale.

Kifungu cha 9 ndicho ngao kubwa. Kinazuia kusikilizwa upya kwa shauri lililokwisha kuamuliwa, na kina masharti matano: suala liwe lilelile, wadaawa wawe walewale, au wale wanaodai kupitia kwao, wawe wanashitakiana kwa hadhi ileile, mahakama ya kwanza iwe ilikuwa na mamlaka, na suala liwe lilisikilizwa na kuamuliwa kikamilifu.

Aidha, hoja ambayo mdai angeweza na alipaswa kuitoa katika kesi ya kwanza huhesabiwa kuwa ilikwishatolewa. Kwa hiyo kuibadilisha anuani ya madai hakusaidii kitu.

Kifungu cha 95 kinatambua mamlaka ya asili ya mahakama kutoa amri za kuzuia matumizi mabaya ya taratibu zake.

Mahakama ya Rufani nayo imejiwekea mpaka. Kanuni ya 66 ya Kanuni zake za mwaka 2009 inaruhusu mapitio ya hukumu kwa sababu chache zilizotajwa, na maombi yakishaamuliwa, hayaletwi tena mapitio mengine katika shauri hilohilo. Vilevile, rufani ya madai iliyoanzia Mahakama ya Mwanzo haifiki Mahakama ya Rufani mpaka Mahakama Kuu ithibitishe kwamba kuna hoja ya kisheria.

MFANO WA BUNDA NA MUSOMA

Tuchukue mfano wa kubuni. Mkazi wa Bunda anadai kwamba alimtumia mfanyabiashara wa samaki wa Musoma sarafu za mtandaoni zenye thamani ya sh milioni 12, na kwamba hakulipwa. Anafungua madai Mahakama ya Mwanzo, ambayo ina uwezo wa kusikiliza deni la mkataba lisilozidi sh milioni 30. Ushahidi unasikilizwa na madai yanakataliwa kwa kukosa uthibitisho.

Badala ya kukata rufani Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30, anafungua kesi mpya katika Mahakama ya Wilaya. Safari hii deni analiita mkopo na anamuunganisha mke wa mfanyabiashara. Ikikwama, kaka yake anayeishi Butiama anafungua kesi ya tatu akidai kwamba sarafu zilikuwa zake, alizozipata kutoka kwa mdogo wake.

Hapo mahakama haitatazama jina la kesi bali kiini chake. Kama kaka anadai kupitia haki ya mdogo wake, uamuzi wa kwanza unamfunga yeye pia. Kama ana sarafu zake mwenyewe katika muamala tofauti, anayo haki ya kusikilizwa, na kumwita msumbufu kutakuwa ni kumwonea.

Lakini ipo tofauti ambayo wengi huikosea. Shauri lililotupwa baada ya kusikilizwa limekwisha, ila kwa rufani. Shauri lililoondolewa kwa dosari ya kiutaratibu laweza kurudishwa likiwa limesahihishwa. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliiweka wazi tofauti hiyo mwaka 1959 katika shauri la chama cha ushirika cha Ngoni-Matengo, na mahakama zetu bado zinaifuata.

HAKI YA KUSIKILIZWA

Wapo wanaohofu kwamba mazuio ya namna hii yanaweza kutumiwa na wenye nguvu kuwanyamazisha wanyonge. Hofu hiyo ina uzito. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu na haki ya kukata rufani.

Lakini Ibara ya 107A inazitaka mahakama zisicheleweshe haki bila sababu ya msingi. Mshitakiwa naye ni mwananchi. Mfanyabiashara anayeitwa mahakamani mara tatu kwa jambo moja hupoteza siku za kazi, nauli na ada za wakili, na ushindi wake wa kwanza hubaki karatasi tu. Hivyo mizani inataka kwamba mdai asikilizwe mara moja kikamilifu, kisha mwenzake aachwe apumzike.

ALIYESHITAKIWA TENA AFANYE NINI

Jambo la kwanza ni kutopuuza wito. Hata kesi isiyo na msingi inaweza kuamuliwa upande mmoja kama mshitakiwa hakufika.

La pili ni kuomba nakala zilizothibitishwa za hukumu na tuzo ya kesi ya kwanza, na kuzitunza. Bila nyaraka hizo, ni vigumu kuthibitisha kwamba shauri lilikwisha kuamuliwa.

La tatu ni kuleta pingamizi la awali mapema. Tangu uamuzi wa shauri la Mukisa Biscuit mwaka 1969, pingamizi hilo linapaswa kuwa la hoja tupu ya kisheria, lisilohitaji kuchunguza ushahidi unaobishaniwa.

La nne ni kuomba gharama za kesi. Gharama huwa breki kwa anayedhani kwamba kufungua mashauri ni mchezo wa bure.

Na kwa anayenunua au kuuza sarafu hizi, kinga bora huanza kabla ya ugomvi. Atunze kumbukumbu za muamala, ujumbe wa simu na risiti za malipo, kwani Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa namna hiyo kupokelewa mahakamani. Mwenye kumbukumbu kamili huweza kumaliza ubishi katika kesi ya kwanza, na kesi iliyoamuliwa vizuri mara ya kwanza ndiyo inayomnyima msumbufu mwanya wa kufungua ya pili.