Maneno ya wakati yanapogongana: Kiingereza na Kihispania

Kwa Kiingereza, neno "once" maana yake ni mara moja. Kwa Kihispania, neno liandikwalo vivyo hivyo, herufi kwa herufi, ni kumi na moja. Mgonjwa asomaye Kihispania pekee, akipewa dawa yenye maelezo yaliyotafsiriwa nusunusu, aweza kuamini kuwa ameagizwa kuinywa mara 11 kwa siku.

Hatari hiyo si ya kubuni. Utafiti uliohusu maduka ya dawa ya Bronx, New York, uliochapishwa mwaka 2010 katika jarida la Pediatrics, ulikuta kasoro katika takriban nusu ya lebo za Kihispania zilizochunguzwa. "Once" lilikuwa miongoni mwa maneno yaliyoachwa kwa Kiingereza.

Hata hivyo, neno linalowasumbua wanafunzi wengi ni "time". Kihispania hulitenga katika maneno matatu: "tiempo" ni wakati, "vez" ni mara, na "hora" ni saa. Mswahili hulielewa jambo hili upesi kuliko Mwingereza, kwani lugha yake nayo hutenga vivyo hivyo. Ajihadhari tu na "tiempo", ambalo pia ni hali ya hewa: aulizaye "¿Qué tiempo hace?" anaulizia jua na mvua. Saa huulizwa "¿Qué hora es?"

Katika kutaja saa, lugha zote mbili huhesabu kuanzia usiku wa manane na adhuhuri. Saa nane mchana, basi, ni "two o'clock" na "las dos".

"Mañana" ni kesho, na ni asubuhi pia. Kesho asubuhi husemwa "mañana por la mañana", wala hapana kosa katika kurudia huko. "Tarde" nalo ni alasiri, na vilevile ni kuchelewa. Kiingereza kina "afternoon" na "late".

Wiki mbili Waingereza huziita "fortnight", neno lililotokana na usiku 14. Wahispania husema "quince días", yaani siku 15, kwa kuwa huihesabu na siku ya kuanzia. Muda ni ule ule.

Lililo gumu kufasiriwa ni "ahorita" la Meksiko. Kamusi huliweka sambamba na "right now", yaani sasa hivi, lakini aliyeahidiwa jambo "ahorita" aweza kulipata papo hapo, baada ya saa nzima, au asilipate kabisa.